Mkono wa Mama Ndinda

Watu wa kanisani kwetu hapa Machakos husema nina mkono. Wakinitembelea Jumapili, kabla hata hawajaketi, huzunguka nyuma ya jikoni kutazama shamba langu dogo: sukuma kwenye magunia, mchicha kando ya mfereji wa maji ya kuogea, malenge yanayopanda ua wa jirani bila kubisha hodi, na vitanda vilivyochimbwa chini kidogo ili maji yakiingia yasikimbie. "Mwalimu ako na mkono," wanasema. "Huyu akichomeka mwiko wa ugali, utaota." Nami huinama nikajifanya nimeona kwekwe. Sijawahi kuwaambia kwamba karibu yote ninayoyajua juu ya udongo nilifundishwa kwa mwaka mmoja na mama mmoja wa Kathiani. Kwamba yeye ndiye aliyekuwa na mkono. Na kwamba mimi, msichana wa miaka ishirini niliyelala chini ya paa lake na kula chakula chake, nilimwacha aamini kwamba mkono huo umekufa, hali nikijua ni mzima. Naandika haya kwa aibu. Nimejaribu kuyaandika kwa njia nyingine, nikaona kila njia inaishia kunitetea.

Oktoba iliyopita nilikuwa natandaza mabua ya mahindi kwenye vitanda, kuulinda udongo na jua, simu ikalia. Namba sikuijua. "Ni Mwalimu Mwikali? Mimi ni Ndinda, wa Kathiani. Mama ametuacha." Nikamwambia pole, nikauliza aliugua nini, nikauliza mazishi ni lini, maswali yale ambayo kila mtu huuliza. Kisha akasema, "Alikuwa anakutaja sana, Mwalimu. Hata juzi. Yule mwalimu wangu mwaminifu, ndiyo alikuwa anakuita." Niliketi juu ya karai lililokuwa limepinduliwa pale, mabua yakiwa bado mkononi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenichukua miaka arobaini, na ilikuwa haijaisha.

Nilifika kwa Mama Ndinda mwezi wa Januari, mwalimu asiye na mafunzo, nimetoka Kola na sanduku moja na viatu vya kisigino ambavyo mawe ya Kathiani yaliviua kabla ya Pasaka. Shule ilikuwa mteremko mmoja kutoka kwake. Mumewe alikuwa amefariki, na bintiye wa pekee, Ndinda, alikuwa ameolewa Athi River. Chumba changu kilikuwa cha mwisho katika nyumba ya matofali, na ukuta wake mmoja ulikuwa wa jikoni. Ukuta huo haukufika hadi mabati. Moshi ulipita juu yake, harufu ya chakula ikapita, na maneno yakapita pia, hata nikawa najua habari za kijiji kizima bila kutoka kitandani. Asubuhi nilimsikia akipuliza moto na kuongea na mbuzi. Jioni nilisikia wanawake waliokuja kuomba moto au chumvi wakakaa hadi uji ukapoa. Mama Kioko, jirani yake wa karibu, alikuwa na sauti ya kuitia mtu aliye ng'ambo ya bonde, na hata akinong'ona nilimsikia.

Siku yangu ya pili pale, nilinawa uso nikamwaga maji ya beseni mlangoni. Mama Ndinda alisimama akaitazama ile alama ya maji udongoni mpaka ikakauka. "Mwalimu," akaniuliza, "hapo umepanda nini?" Nilicheka, naye akacheka, lakini tangu siku hiyo sikumwaga maji ovyo tena, na hata leo siwezi. Kwake maji yalikuwa na kazi tatu kabla ya kupumzika. Yaliyoosha mboga yaliosha sufuria, yaliyoosha sufuria yalienda kwenye vitanda, na yenye sabuni yalienda kwa migomba tu, kwa sababu, alisema, mgomba hauchagui. Jua la Februari lilipokuwa limechoma kila kitu hadi kule bondeni, nyuma ya jikoni yake palikuwa na sukuma ya kuchuma. Alinionyesha jinsi ya kuweka samadi ya mbuzi ikae kwanza, maana mbichi inaunguza mizizi. Alinionyesha jinsi ya kutupa udongo wa mtaro upande wa juu ili udongo wa mteremko usichukuliwe na maji. Mimi niliyekuwa na cheti cha Form Four na kitabu cha sayansi cha darasa la tano nilimfuata nyuma na kusema ndiyo, ndiyo, huku moyoni nikimhurumia kidogo kwa kutojua majina ya hayo aliyoyafanya. Majina nilikuwa nayo mimi.

Mvua za Machi zilikuja wiki mbili zikaaga. Maharagwe yalitoa maua yakaungua na maua yake. Kufikia Juni, ukungu wa baridi uliposhuka kutoka milimani na watoto wakaja shuleni wamejifunga leso za mama zao, jikoni za kijiji zilikuwa zimeanza kupika mbegu. Hakuna aliyelisema hilo wazi. Ulijua tu kwa harufu: kunde zikichemka nyumba ambayo haikuvuna kunde. Kwa Mama Ndinda tulikula ugali na sukuma, sukuma na ugali, na Jumapili muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, yenye mbaazi za kuhesabika. Na juu ya vichwa vyetu, kwenye uchaga wa vijiti juu ya mafiga, kilining'inia kitete, kibuyu kidogo cheusi kwa moshi, kimezibwa kwa gunzi la mahindi, kimejaa kunde. Nilimwuliza siku moja, kwa utani lakini kwa njaa pia, kwa nini tusichote kikombe kimoja tu. Alisema, "Hizo si zangu. Mimi nazishikia." Zilikuwa za mama mkwe wake, ambaye naye alizikuta kwa mama mkwe wake. Kunde ndogo, nyeupe, zenye doa jekundu kitovuni, zinazoiva kwa miezi miwili hata mvua ikinyesha mara chache tu. Mwaka mbaya ukija, hizo ndizo zilizorudisha watu shambani. Na Mama Ndinda alikuwa na mkono. Kila mwaka, kabla ya mvua za vuli, wanawake wa upande ule walimwita aangushe mbegu za kwanza kwenye mashamba yao. Hakulipwa. Alipewa uji, akanywa, akaenda shamba linalofuata.

Mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa, Ndinda alijifungua mtoto wake wa kwanza. Mama Ndinda alijiandaa kwenda Athi River kumwogesha mjukuu, kama ilivyo kazi ya mama mzazi. Alitarajia kukaa wiki saba. Aliniachia mbuzi, vitanda na kitete. Alikishusha akanionyesha mara mbili, kama mtu anayefundisha kufunga mkanda. "Kila Jumamosi unamwaga zote kwa ungo. Unapepeta. Unaweka majivu mapya, unachanganya mpaka zote zinavaa. Unarudisha kwa moshi. Na upike hapa ndani, Mwalimu, usipike na kale kajiko kako ka nje. Hii kitu inataka moshi." Nikasema nimesikia, Mama. Akaniangalia. "Mvua ya Novemba ikikaribia, watu watakuja hapa na bakuli. Hawana kitu ingine. Wewe unajua."

Nilijua. Ndiyo maana sina pa kujificha. Jumamosi ya kwanza nilifanya yote. Jumamosi ya pili nilikuwa nimesuka nywele, na majivu yaliingia kwenye mistari ya kichwa, nikakasirika. Ya tatu nilishuka Machakos mjini kumwona rafiki yangu niliyesoma naye, nikarudi Jumapili. Baada ya hapo sikutafuta tena sababu. Moshi uliharibu nguo zangu za shule, nami nilikuwa na jiko la makaa, basi nikapikia nje chini ya upenu, upepo ukipita vizuri. Mafiga yalipoa. Vitanda nilivimwagilia, mbuzi nililisha, kwa hiyo nilijiona mwema. Kitete kiliendelea kuning'inia pale juu ya jivu baridi, na kila nilipoingia kuchukua sufuria nilikiona, nikasema kesho.

Alhamisi ya mwisho ya Septemba, mtu wa kanisani aliniletea ujumbe kwamba Mama Ndinda angerudi Jumamosi. Nilikishusha kitete jioni hiyo. Nilipochomoa gunzi, unga ulinimwagikia mkononi. Fukusi walitoka wakitembea polepole kama wenye nyumba. Karibu nusu ya kunde zilikuwa na matundu, matundu mviringo safi. Niliketi chini nikachambua moja moja hadi mgongo ukauma. Nzima nikaziweka kwenye ungo, na zilizotobolewa nikawapa kuku. Lakini hata hizo nzima, nikizitazama kwa makini, baadhi zilikuwa na vidoa vya mayai. Dawa yake niliijua: jua kali la siku tatu juu ya mabati, na majivu. Nilikuwa na siku moja, na siku hiyo ilikuwa ya mawingu. Basi nikakumbuka kwamba mdudu hufa kwa joto. Niliwasha jiko langu la makaa, nikaweka kikaango, nikazimimina kunde za mama mkwe wa mama mkwe, nikakoroga kwa mwiko.

Zilinukia vizuri. Hilo silisahau. Fukusi waliobaki walianguka ndani ya kikaango wakanyamaza, nikaona nimeshinda. Nilichukua kunde moja nikaitafuna, ikavunjika vizuri chini ya jino. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimeandika ubaoni, kwa chaki na kwa mwandiko wangu mzuri, kwamba mbegu ni kiumbe hai, inapumua, na ndani yake mmelala mmea mchanga. Watoto wa darasa la tano walikuwa wameyaandika maneno hayo kwenye daftari zao. Mimi nilisimama jikoni nikitafuna, nikajiambia kwamba moto haukuwa mkali. Nilizipoza, nikazivisha majivu mapya, nikakoka kuni kwenye mafiga tangu alfajiri ya Jumamosi ili jikoni inuke moshi atakapofika.

Mama Ndinda alirudi amekonda na amefurahi, na jambo la kwanza alilofanya baada ya kuweka mzigo ni kushusha kitete. Alikipima kwa mkono. "Zimepungua." Nikamwambia fukusi walikuwa wameanza, Mama, nikachambua moja moja. Hilo lilikuwa kweli. Nikaishia hapo. Alizimwaga kwa ungo, akaziona zilivyo safi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Umefanya kazi," akasema. "Mwingine angenificha." Kinywa changu kilikuwa kimefunguka, nadhani, kusema juu ya kikaango. Akanipa ndizi alizoleta na picha ya mtoto, tukaanza kuongea habari za mtoto.

Sasa lazima niseme kilichonifunga mdomo, maana haikuwa hofu tu ya kugombezwa. Siku hizo nilikuwa naomba nafasi ya chuo cha ualimu, na nilihitaji barua ya tabia njema kutoka kamati ya shule. Mama Ndinda alikuwa kwenye kamati hiyo. Siku walipokutana, nilikuwa nje nasimamia watoto wakifagia, na dirisha la ofisi halikuwa na kioo. Mwenyekiti aliuliza ni nani anayemjua huyu msichana vizuri, kwa kuwa si wa hapa. Nikasikia sauti ya Mama Ndinda. "Mimi nimeishi na yeye. Nilimwachia nyumba, nikamwachia mbegu. Mtu unaweza kumwachia mbegu, unaweza kumwachia watoto." Barua ikaandikwa, na neno mwaminifu lilikuwemo mara mbili. Nakala yake ninayo hadi leo. Sijui kwa nini sijaichoma.

Tulipanda katikati ya Oktoba, udongo ukiwa bado mkavu, jinsi watu wetu wanavyopanda, ili mvua ya kwanza ikute mbegu imeshatangulia. Wanawake watatu walikuja na bakuli, Mama Kioko akiwa wa kwanza, na kila mmoja akapimiwa. Shambani Mama Ndinda alichukua jembe, akanipa kitete. "Leo uangushe wewe, Mwalimu. Umezilinda, uanze wewe." Hapa ndipo pabaya kuliko pote, na sijapata kumweleza mtu. Nilirudisha kitete mikononi mwake. Nikamwambia, "Hapana, Mama. Mkono ni wako." Nilisema kwa adabu, kwa tabasamu, na alilichukua kama heshima. Ukweli ni kwamba nilikuwa na shaka na zile kunde, na sikutaka zisipoota iwe ni mimi niliyeziangusha. Aliziangusha yeye, tatu tatu kila shimo, mstari baada ya mstari. Kisha akaenda kwa wale wanawake watatu akaangusha za kwanza kwao pia.

Mvua ilikuja, na ilikuwa nzuri. Siku ya sita mahindi tuliyopanda kando yake yalitoboa. Kunde hazikuwa zimetoka, ingawa kunde hutangulia mahindi. Nilikuwa nimebakiza kama kumi mfukoni. Nikazipeleka darasani, nikawapa watoto waziweke kwenye mikebe yenye pamba iliyoloweshwa, eti somo la kuota kwa mbegu. Siku ya tano msichana mmoja wa mbele aliinua mkono. "Mwalimu, zetu zinanuka." Nilienda kutazama. Zilikuwa zimevimba, zimelainika, na nilipoibonyeza moja maganda yake yalibaki kidoleni. Nikawaambia wazitupe. Mmoja akauliza kama wameweka maji mengi, nikasema ndiyo. Ilikuwa Ijumaa. Mvua ilikuwa na mwezi mzima mbele yake. Kumwambia Mama Ndinda ukweli siku hiyo kungenigharimu barua ile, ambayo bado haikuwa imepelekwa chuoni. Kwa Mama Ndinda kungekuwa hasara ya mbegu, hasara kubwa, lakini angejua ni hasara ya mbegu tu. Nilikaa na jambo hilo Ijumaa nzima, na Jumamosi nikafua nguo.

Jumapili baada ya ibada nilikuwa kitandani nikisahihisha daftari, nikasikia Mama Kioko upande wa pili wa ukuta. "Kwangu hakuna hata moja. Nimefukua, zimeoza. Na kwa wale wengine ni hivyo hivyo." Kijiko kilikoroga kitu kwenye sufuria, kikaacha. Mama Kioko akauliza, "Ama ni mbegu?" Nikashika kalamu bila kuandika. Mama Ndinda akajibu bila haraka, "Mbegu Mwalimu alichambua moja moja. Niliona na macho yangu. Zilikuwa safi." Kisha akasema yeye mwenyewe, hakuna aliyemtupia neno hilo, "Basi ni mkono. Mashamba manne, mkono ni mmoja." Mama Kioko akasema, ai, usiseme hivyo, mwaitu, mama yetu, lakini alisema kwa sauti ndogo, na yeye hakuwa mtu wa sauti ndogo. Nilikohoa ili wajue nipo. Wakabadilisha mazungumzo. Mchana huo Mama Ndinda aliniletea muthokoi, na sahani yangu ilikuwa imejaa kuliko yake, nami nikala nikamaliza.

Wiki iliyofuata alinunua kunde za sokoni, za rangi ya udongo, hazina jina. Alichimba mashimo upya, akanipa mbegu. Mara hii hakuniachia nafasi ya adabu. Aliweka mikono yote miwili kwenye mpini wa jembe asiitoe. Niliangusha. Siku ya nne zilitoka zote, zimeinamisha shingo kama kawaida yake. Alisimama mwisho wa mstari akazitazama, na uso wake ulifurahi kweli. Hakuwa na wivu hata kidogo. "Umeona?" akaniambia. "Mwalimu ako na mkono." Akawaambia wanawake. Wakaniita niwapandie. Nilienda, nikaangusha mbegu za sokoni kwenye mashamba matatu, nikanywa uji wao. Huo ndio mwanzo wa sifa ninayosifiwa hadi leo hapa Machakos. Desemba niliondoka na barua yangu.

Nilimtembelea mara chache katika miaka hiyo yote, sukari na majani ya chai mkononi, na kila mara nikiwa njiani nilipanga maneno. Mara moja nilimkuta shambani wakati wa kupanda. Alikuwa anachimba mashimo, mgongo wake umenyooka bado, na mtoto wa jirani wa miaka sita alimfuata akiangusha mbegu. Niliuliza kwa nini asiangushe mwenyewe. "Wangu ulipoa," akasema, kama mtu anayetaja jino lililong'oka zamani. Nikanywa chai. Nikajiambia amezoea, kwa nini nimtoneshe. Zile kunde zenye doa jekundu nimezitafuta sokoni Jumamosi nyingi, kwenye magunia ya kila mwanamke anayetoka upande wa Kathiani. Huleta za kila rangi, na mbegu za pakiti ambazo msimu ujao lazima ununue tena. Mvua siku hizi hazijulikani zinakuja lini wala zinaenda lini, na kunde ya miezi miwili ndiyo tungeihitaji. Vijana wa kanisani wakizungumzia hali ya hewa na mbegu za kienyeji zilizopotea, wananiomba mimi, kama mtu mwenye ujuzi, niseme neno.

Mazishi yalikuwa na watu wengi. Ndinda alisoma wasifu wa mama yake, naye sasa ana mvi kama zangu. Alisoma juu ya kanisa, kamati ya shule, vitanda vya nyuma ya jikoni. Alisoma kwamba mama yake aliwahi kuwa na mkono wa kupanda ambao Mungu aliuchukua, na kwamba hakulalamika. Watu waliitikia kwa huzuni. Baada ya kuzika nilimfuata jikoni, ileile, ukuta bado haujafika kwenye mabati. Alikuwa peke yake, anapanga sahani. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana sikuona kwamba nastahili kukaa. Nilimwambia kikaango, mikebe ya pamba, na jinsi nilivyorudisha kitete mikononi mwa mama yake. Nilitegemea anitukane, na kusema kweli nilitegemea pia anisamehe, kwa sababu nilikuwa nimekuja kutoka mbali na nilikuwa nalia.

Aliweka sahani chini. "Mtoto wangu wa kwanza alimwogesha," akasema. "Hao wengine watatu alikataa. Alikuja mpaka kwangu Athi River, akakaa hapo kwa kiti karibu na mlango. Nampea mtoto, anasema hapana, mkono yangu haifai kitu kichanga. Mtoto analia, yeye anaangalia tu." Alikuwa akiongea na sahani, si na mimi. "Mimi nikajua ni bwanangu hapendi. Nikajua ni kwa sababu alikuwa hajamaliza mahari. Tulikosana, Mwalimu. Krismasi kumi na moja sikuja hapa. Watoto wangu walijua huyu nyanya yao, susu, wakiwa wakubwa." Akafuta mikono kwenye leso yake ingawa haikuwa na maji. Sikuwa nimelijua hilo. Nilikuwa nimehesabu dhambi yangu kwa kunde miaka arobaini, na sikuwahi kufikiri mkono hufanya kazi gani nyingine. Nikasema, "Ndinda, nisamehe." Akasema, "Ungeambia yeye." Akabeba sahani akatoka.

Nilitoka nyuma yake. Uani wanawake walikuwa wanapakua chakula, na Mama Kioko, ambaye sasa anatembea na fimbo lakini sauti ni ileile, aliponiona alinyanyua mkono. "Huyu ndiye Mwalimu," akawaambia wanawake wachanga. "Mvua iko karibu. Mwambieni awaangushie mbegu kabla hajaenda. Mama Ndinda alipopoteza mkono, ulienda kwa huyu." Mmoja akaanza kufungua fundo la leso lenye mbegu zake. Ndinda alikuwa amesimama katikati yao na rundo la sahani kifuani. Alinitazama tu, akingoja.

Nikasema, "Mimi sina mkono. Mama Ndinda hakuwahi kupoteza wake. Mbegu zile niliziua mimi, nikanyamaza." Sauti ilinitoka ndogo, mimi niliyefundisha madarasa ya watoto sitini kwa maisha yangu yote. Mama Kioko aliinamisha sikio, uso wake ukiwa bado na tabasamu la kunisifu.

"Sema tena," Ndinda akaniambia. "Huko nyuma hawajasikia."